Kelele Iliyonyamaza Klachi Ilipokanyagwa: Kisa cha Volkswagen Beetle ya 1972

Mwenye gari ameniruhusu nikiandike kisa hiki. Nimeondoa majina, mji, namba ya gari na gereji zilizohusika. Nakiandika kwa ajili ya mafundi vijana wanaoletewa magari ya zamani, na kwa wenye magari hayo, kwa sababu injini nzima ilikaribia kuvunjwa bila sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa tatu kuligusa gari hili, na nilichelewa siku nzima kuona jambo ambalo mwenyewe alikuwa amekwisha kulisema.

Gari na mwenyewe

Gari ni Beetle 1300, injini ya 1285 cc, na mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa huku pwani. Nitamwita Mzee, kama tunavyomwita hapa gereji. Alilinunua likiwa tayari limetumika, akawasomesha watoto akilitumia kila siku, na sasa hulitoa kwenda sokoni, msibani na kanisani. Si gari la maonyesho. Bodi ina kutu chini ya milango kama kila gari la pwani lenye umri huo, lakini injini ilikuwa inawaka kwa kugusa tu.

Kwa asiyeijua Beetle, mpangilio wake unahitaji maelezo, maana kisa chote kimekaa hapo. Injini iko nyuma. Silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na hupozwa kwa upepo bila maji. Ukifungua boneti ya nyuma unaiona puli ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inakutazama. Upande wa pili wa kranki, ule usioonekana, ndiko iliko flaiwili, gurudumu zito la chuma linalobeba klachi, imeelekea mbele ya gari na kukutana na giaboksi. Magari mengi flaiwili yake hufungwa kwa boliti kadhaa zilizozunguka. Ya Beetle hufungwa kwa nati moja kubwa ya katikati, ya spana 36, pamoja na pini nne fupi za chuma zinazoingia nusu kwenye kranki na nusu kwenye flaiwili ili isiteleze.

Nati moja tu. Likumbuke hilo.

Zamani jambo hili lilijulikana na kila fundi wa ukanda huu. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo njia za mashindano zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi baadaye ilikuwa gari la walimu, wamisionari na maofisa wa serikali. Wale walioijua kwa vidole wengi wamestaafu au wametangulia. Vijana wamejifunza kazi kwenye Toyota zenye maji na boliti za kawaida, na silaumu mtu kwa hilo. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwamba gari hili lilipita mikono miwili yenye uzoefu wa miaka mingi, na wote wawili wakaisikiliza kama injini ya Toyota.

Kelele yenyewe

Ilikuwa mgongo, yaani mlio wa kugonga, mzito, "ko, ko, ko," injini ikiwa sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta). Ukikanyaga mafuta na kushikilia mwendo mmoja, inapungua au inapotea. Ukiachia ghafla, inarudi kwa nguvu mara tatu nne kisha inatulia kwenye mdundo wake. Haikujali sana injini ni ya baridi au ya moto. Taa ya oili haikuwaka hata siku moja.

Mzee aliniambia jambo jingine siku ya kwanza, tukiwa bado tumesimama getini. Nayanukuu maneno yake kwa sababu ndiyo kiini cha kisa: "Fundi, kuna wakati nikiwa kwenye foleni nikikanyaga klachi inanyamaza. Nikiachia, inaanza tena." Nikaitikia "sawa Mzee," nikaenda kufungua boneti.

Mafundi wawili wa kwanza

Wa kwanza alisema ni tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Si dhana mbaya, kwani Beetle nyingi zina kelele ya tapeti, na kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kosa lake ni kwamba alizirekebisha injini ikiwa bado ya moto, tena kwa sikio: alibana skrubu mpaka kelele zipungue. Nafasi ya tapeti kwenye injini hii ni milimita 0.15 kwa valvu zote nane, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Beetle yenye afya hulialia kidogo kwenye tapeti. Ukiinyamazisha kwa kubana, valvu haikai tena vizuri kwenye kiti chake, na kiti ndiko valvu ya ekzosi inakomwagia joto lake. Nitarudi hapa, maana kubana huko kuliacha alama.

Mgongo haukubadilika.

Wa pili alikuwa makini zaidi. Alishika puli ya kranki kwa mikono miwili, akaisukuma na kuivuta, akasikia inacheza: "kla, kla." Akasema beringi za kranki zimekwisha, akaweka oili nzito ya SAE 50 kujaribu. Kelele ikabaki vilevile. Yeye akalisoma hilo kwamba beringi zimechakaa mno hata oili nzito haisaidii. Bei aliyotaja ya kushusha injini, kukereza kranki na kununua beringi, pistoni na silinda mpya ilikuwa milioni mbili na laki tatu. Mzee akaanza kuulizia bei ya kuuza gari kama chuma chakavu.

Siku yangu ya kwanza

Nilianza na kile nilichokiona. Kwenye maungio ya ekzosi upande wa kulia, silinda ya 2, kulikuwa na masizi meusi yamesambaa, na injini ya baridi ilikuwa ikipuliza pale: "puf, puf." Uvujaji wa ekzosi unaweza kuigiza mgongo wa chuma kwa ukamilifu wa kutisha, kwa hiyo nilibadilisha gasketi. Nati mbili zilikuwa zimekula kutu, moja ikakatika, tukatoboa, jua likazama. Mpuliziko ukakoma na mgongo ukabaki.

Usiku ule ndipo nilipokaa na kuandika kwenye daftari yale yaliyothibitika na yale tuliyokuwa tunayadhania. Nilipaswa kufanya hivyo kabla ya kushika spana.

Siku ya pili: kuuliza kelele inabadilishwa na nini

Kipimo cha kwanza kilikuwa plagi. Injini ikiwa sailensa, unachomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpira, sekunde chache tu, halafu unarudisha. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) yenye beringi mbovu hugonga kwa sababu moto wa silinda yake unaisukuma kwa nguvu. Ukiondoa moto huo, mgongo hulegea au hubadilika mdundo. Nilichomoa 1, 4, 3, 2. Injini ilitetemeka kila mara kama inavyopaswa, lakini mgongo haukujali yoyote kati ya nne. Konrodi na pini za pistoni zikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Cha pili kilikuwa presha ya oili. Kwanza nilimwaga ile SAE 50 na kuweka SAE 30, lita mbili na nusu, kisha nikafungua swichi ya taa ya oili na kufunga geji mahali pake. Injini ikiwa ya moto, kwa mizunguko 2500 kwa dakika, ilisoma psi 38. Kitabu kinataka karibu 42, na hakiruhusu chini ya 28. Kwa injini ya umri huu sikuwa na neno. Kranki yenye beringi zilizokwisha kiasi cha kugonga kwa sauti ile isingeshika presha hiyo.

Cha tatu, bisibisi ndefu. Ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kwenye vichwa vya silinda kelele ilikuwa mbali. Kwenye kasha la injini ilisikika. Chini, pale injini inapoungana na giaboksi, ilinipiga sikioni kama nyundo.

Hapo ndipo maneno ya Mzee yaliponirudia. Nikampigia simu aje. Nikamwomba akae kwenye usukani, mimi nikalala chini ya gari, nikamwambia akanyage klachi polepole. Alipofika nusu ya pedali, kelele ilikatika kama redio iliyozimwa. Akaachia, ikarudi. Tulirudia mara sita. Nilimwomba radhi palepale.

Kwa nini klachi inyamazishe injini

Unapokanyaga klachi, beringi ya klachi inaisukuma presha pleti (sahani inayobana diski ya klachi), na msukumo huo unapita kwenye flaiwili na kuiegemeza kranki upande mmoja. Chochote kilicholegea hapo kinabanwa. Kama flaiwili inacheza juu ya pini zake, kila mlipuko wa silinda unaifanya ipige upande huu na ule, hasa sailensa ambapo kranki haizunguki kwa ulaini. Ukishikilia mwendo, mzigo unaielemea upande mmoja na inatulia. Ukiachia mafuta ghafla, inarukia upande wa pili. Dalili zote za kelele hii zilikuwa zimekaa kwenye maelezo hayo bila kubakiza hata moja.

Lakini haikuwa mshukiwa pekee. Springi zilizovunjika za diski ya klachi, au beringi iliyochakaa ya shafti inayoingia giaboksi, nazo hunyamaza ukikanyaga klachi, kwa sababu shafti huacha kuzunguka. Tofauti ni kwamba hizo kwa kawaida hutoa mchakacho mwepesi kuliko mgongo mzito, na haziwezi kufanya puli ya kranki icheze. Nilifunga geji ya saa (kipimo cha mshale) kwenye puli nikapima ule mchezo alioushika fundi wa pili, yaani kiasi kranki inachosogea mbele na nyuma: milimita 0.42. Kitabu kinataka kati ya 0.07 na 0.13, na 0.15 ndiyo kikomo.

Fundi wa pili, basi, hakukosea aliposema puli inacheza. Alichokosa ni kujua kwamba kwenye Beetle mchezo huo unapangwa na flaiwili yenyewe kwa washa tatu nyembamba zilizokaa kati yake na beringi kuu ya kwanza. Flaiwili ikilegea, kranki inacheza hata kama beringi ni mpya.

Uamuzi wa kutoa injini bila kuifungua

Washukiwa wote waliobaki walikuwa nyuma ya klachi, na njia ya kuwafikia ni moja: injini itoke. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuwa na hakika kamili kabla ya kuamua. Nilimwambia Mzee tutatoa injini tutazame, na kwamba kasha halitafunguliwa mpaka yeye aone kwa macho na kukubali. Neno "kushusha injini" lilimtisha, na ni haki yake, kwa kuwa kwenye magari mengine maana yake ni kazi ya wiki. Kwenye Beetle ni saa moja na nusu: unatoa waya wa betri chini ya kiti cha nyuma, unaziba mpira wa petroli, unaachanisha waya wa mafuta, nyaya za umeme na mipira ya hewa ya joto, kisha vifungo vinne na jeki ya magurudumu. Injini ina kilo 100 na ushei. Watu wawili wanatosha.

Tulichokikuta

Tulipotoa presha pleti, kuzunguka nati ya katikati kulikuwa na vumbi jekundu kama unga wa kutu. Vumbi hilo hutoka pale chuma kinaposuguana na chuma kwa muda mrefu. Kwenye kingo za nati kulikuwa na makovu ya patasi. Niliweka boksi 36 na mpini wa kawaida, nikaisukuma kwa mkono mmoja, ikafunguka. Nati hiyo hutakiwa kukazwa kwa kilo-mita 35 (nguvu ya kilo 35 kwenye mpini wa mita moja). Haipaswi kufunguka kwa mtu bila bomba refu na jasho.

Pini tatu kati ya nne zilikuwa zimelika upande mmoja mpaka zimepata ngazi. Mashimo ya flaiwili yalikuwa yamekuwa ya yai.

Nikamuuliza Mzee kama kuna mtu aliyewahi kufungua hapa. Akafikiri, akasema kulikuwa na gereji iliyombadilishia oili sili (pete inayozuia oili isivuje) mwaka uliopita, oili ilipokuwa ikidondoka chini ya klachi. Kelele ilianza miezi saba baadaye, na kwa hiyo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, hata yeye. Ili kubadilisha sili hiyo lazima flaiwili itoke. Ilirudishwa kwa patasi na nyundo.

Matengenezo, na njia tulizozikataa

Fundi mmoja jirani alishauri tuchomelee nati na flaiwili pamoja "isitoke tena maisha." Nimeona kranki mbili zilizofanyiwa hivyo. Joto hupinda uso wa flaiwili, na siku sili itakapovuja tena hakuna pa kuanzia. Kuweka pini mpya kwenye mashimo ya yai nako ni kununua miezi michache.

Swali lililoamua gharama lilikuwa mashimo ya upande wa kranki. Tulijaribu pini mpya kwa kidole, hazikuingia. Ziliingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ndogo, zote nne. Maana yake kranki ilikuwa salama. Kama nayo ingekuwa imelika, ningeipeleka kwa fundi kereza atoboe mashimo manne ya ziada na kuweka pini nane, njia inayojulikana sana kwa injini hizi.

Flaiwili tulipata ya mtumba ya aina ileile. Beetle ziliendelea kutengenezwa Mexico mpaka mwaka 2003, ndiyo maana spea zake bado hazijawa dhahabu. Tuliikagua meno, uso wa klachi, na shingo inapokaa sili isiwe na mfereji.

Kupanga mchezo wa kranki ndiko vijana wengi wanakokisia, na hakuna haja. Unafunga flaiwili na washa mbili tu, bila sili, unapima, unatoa milimita 0.10, na kinachobaki ndicho unene wa washa ya tatu. Sisi tulipata 0.44, kwa hiyo tukaweka washa ya 0.34. Baada ya kufunga kila kitu pamoja na sili na oringi mpya, geji ilisoma 0.10 kamili.

Kwa kukaza nati niliazima tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kubwa kwenye gereji ya malori. Asiye nayo anaweza kutumia hesabu: mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote kwenye bomba lililolala sawa, nusu mita kutoka katikati ya nati, anakaza kilo-mita 35. Lazima flaiwili iwe imefungwa isizunguke kwa kipande cha chuma, na bomba lipimwe kwa futi, si kwa macho.

Matokeo

Injini ilirudi, ikawaka, na kilichosikika ni mlio ule wa Beetle wa feni na tapeti. Mzee alisimama nyuma ya gari muda mrefu bila kusema. Gharama yote, pamoja na flaiwili, pini, sili, diski mpya ya klachi na kazi, ilikuwa laki nne na elfu themanini. Siku yangu ya ekzosi sikumtoza. Baada ya kilomita 500 nilipima tena mchezo wa kranki, ukawa 0.10. Sasa ni miezi kumi na moja.

Yaliyofaa na yaliyoharibika

Kilichofaa kilikuwa vipimo visivyohitaji kufungua chochote. Plagi nne, geji ya oili, bisibisi na mguu wa mwenye gari vilitumia asubuhi moja, na kila kimoja kiliondoa mshukiwa. Fundi wa pili naye alipima, lakini kipimo chake cha oili nzito kilimpa jibu akalikataa. Beringi iliyolegea hupunguza kelele ukiweka oili nzito. Kelele isipopungua, hiyo ni dalili kwamba huenda tatizo haliko kwenye beringi. Alikuwa amekwisha kuamua kabla oili haijashuka.

Kilichonishinda mimi ni kusikiliza. Mzee hakujua flaiwili inafungwaje, lakini alikuwa ameishi na gari hilo miaka mingi, na alichonipa getini kilikuwa kipimo kamili alichokifanya mwenyewe kwenye foleni. Nilikipokea kama mazungumzo ya salamu. Sasa kwenye daftari la gereji tumeweka maswali mawili yanayoandikwa mbele ya mwenye gari kabla ya boneti kufunguliwa: kelele inabadilishwa na nini, na nini kilifunguliwa mara ya mwisho hata kama ni mwaka mmoja nyuma. Kwa gari hili majibu ya maswali hayo mawili yangetupeleka moja kwa moja kwenye nati.

Kuhusu gereji iliyokaza kwa patasi, sidhani walikuwa na nia mbaya. Nati ilionekana imekaza. Ila kilo-mita 35 haionekani kwa macho wala haisikiki kwa nyundo, na asiye na kifaa cha kuipima angeazima kama nilivyoazima mimi.

Ile alama niliyosema ya tapeti bado ipo. Nilipokagua valvu, ya ekzosi ya silinda ya 3 haikuwa na nafasi hata kidogo. Nilizirudisha zote kwenye 0.15, lakini kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo ni psi 95 wakati zingine tatu ziko karibu na 115. Valvu imeanza kuungua. Mzee anajua kichwa cha upande wa kushoto kitafunguliwa, tumekubaliana baada ya mvua za masika, na mpaka wakati huo haendi nalo safari ndefu.